Farasi Aliyekula Mkononi mwa Baba

Kabla ya kuanza kazi ya farasi nilikuwa sijamgusa hata mmoja. Kwetu Magamba mnyama anayejulikana ni ng'ombe wa maziwa, anayefungiwa bandani na kukatiwa majani kwenye kingo za matuta. Farasi tuliwaona wakipita na wageni kwenye barabara ya msituni, nasi watoto tukawafuata kwa nyuma tukicheka mikia yao. Kwa hiyo bosi wangu, mama mmoja mjane mwenye nyumba ya wageni juu kabisa ambako mashamba yanakoma na msitu unaanza, aliponiuliza kama ninaweza kumsaidia bandani, nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kutandika vitanda. Sababu nyingine sikuwa nayo.

Nilikuwa nimerudi nyumbani mwaka mmoja kabla ya hapo, tulipomzika mama. Ndugu zangu wana familia zao mbali, mimi sikuwa na mtu wa kuniuliza ninakwenda wapi, basi ikaonekana wazi kwamba atakayekaa na baba ni mimi, binti yake. Baba alikuwa na shamba la viazi na karoti, ng'ombe mmoja, na kiti chake kanisani, safu ya tatu upande wa wanaume. Hakuwa mtu wa maneno. Tulipokuwa wadogo alituongoza kwa fimbo ya mpera, iliyokaa juu ya mlango wa jikoni mahali ambapo kila mmoja wetu aliiona kila alipoingia kula. Simsemi vibaya. Wababa wengi wa pale walikuwa hivyo, na kwa ng'ombe alikuwa hivyo hivyo: akichelewa kusimama, analipata la mgongo.

Bandani walikuwepo farasi watatu. Wawili walikuwa wazee wapole, wangebeba hata kabati. Wa tatu alikuwa jike la rangi ya kahawia, ameletwa na lori kutoka bondeni, na alikuwa na kovu refu juu ya pua ambalo hakuna aliyejua lilitoka wapi. Ukiinua mkono kujikuna tu, alirudi nyuma mpaka ukuta ukamzuia. Alikuwa anatetemeka ngozi yote. Watu waliokuja kumwona walisema hafai, auzwe, na bosi alikuwa ameanza kuwasikiliza. Alinipa mpaka mwisho wa mvua za vuli. Akiendelea kuwaogopa watu, aliniambia, itabidi aondoke, na wanaonunua farasi wa namna ile hatuhitaji kuulizana wanawafanyia nini.

Namna ya kumfundisha alinifundisha yeye bosi. Siku ya kwanza alinipa ndoo, akaigeuza juu chini, akaniambia nikae juu yake katikati ya uwanja wa farasi nikimpa yule jike mgongo. Nisimwangalie, nisimwite. Nikamuuliza kazi yenyewe ni ipi. Akasema kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Nilikaa hivyo siku tisa. Niliona ukungu ukipanda kutoka bondeni na kushuka tena, nikasuka ukili wa kutosha mkeka, nikawaza mambo yangu yote mpaka yakaisha. Siku ya kumi nilihisi pumzi ya moto kisogoni. Sikugeuka. Machozi yalinitoka tu, na mpaka leo sijui nilikuwa nalilia nini, maana wakati huo hata kumpenda nilikuwa sijaanza.

Baada ya hapo zikaja karoti. Nilizikata vipande vyembamba kama ukucha wa kidole gumba, nikavitia mfukoni. Akisogea hatua moja kwangu, napiga ulimi juu ya kaakaa, ko, halafu nampa kipande. Mlio unamwambia kwamba hapo hapo amefanya vizuri, na karoti inaonyesha kuwa sikumdanganya. Akirudi nyuma hakuna adhabu, ninangoja tu. Na kipande unakiweka juu ya kiganja kilichonyooka, vidole vimebanana, gumba limelala pembeni, kwa sababu farasi haoni kilicho chini ya mdomo wake na anaweza kukung'ata bila kukusudia. Bosi alisisitiza jambo moja zaidi: kidogo, siku zote kidogo. Tumbo la farasi si tumbo la ng'ombe. Farasi hacheui, hawezi kutapika, na chakula asichokizoea kikimvimbia ndani hakina pa kutokea.

Hilo niliwaambia wageni wote. Walipofika na mifuko yao ya mapeasi na mikate, niliwasimamisha getini na kuwaeleza kama mwalimu. Niliwaambia wapishi, nikamwambia mlinzi, nikawaambia hata watoto wa kipaimara waliokuja siku moja na mchungaji wao.

Baba sikumwambia.

Na baba alikuwa pale karibu kila siku. Bosi alinunua majani kwake, basi kila asubuhi alipanda na mzigo kichwani, akautua mlangoni mwa banda, akaegemea ua kupumzika. Mwanzoni alinicheka. Aliponisikia napiga ulimi aliniuliza kama nimefuga kuku. "Siku hizi umekuwa mgosi," alisema siku nyingine, yaani mwanamume, "lakini mgosi wa kumbembeleza mnyama ndiyo kwanza namwona wewe." Nikamjibu kwamba mnyama huyu amepigwa na wagosi wengi na hakuna aliyemfikisha popote. Aliguna, akachukua kamba yake, akateremka.

Lakini kesho yake alikaa zaidi. Kesho kutwa alikaa zaidi tena. Ilifika mahali nikawa namkuta ameshafika kabla yangu, amesimama kando ya ua, kofia ameivua na kuishika kifuani kwa sababu alikuwa ameona yule jike anaogopa kofia. Hakuna aliyemwambia aivue. Asubuhi moja nilimsikia akimwambia "Onga makeo," salamu yetu ya asubuhi kwa Kishambaa, tunayompa mtu, na ng'ombe wake wa miaka kumi sijawahi kumsikia akimpa. Alipotambua nipo nyuma yake alikohoa na kuanza kulalamika juu ya bei ya mbolea.

Ningetakiwa kumweleza habari ya tumbo siku ile. Nilifikiria, nakumbuka vizuri kwamba nilifikiria. Lakini ungemwambiaje mzee aliyelisha mifugo tangu akiwa hana meno ya mbele, wewe binti yake uliyekunywa maziwa ya mifugo hiyo, kwamba hajui kulisha? Kwetu mtoto hamfundishi baba yake kukata majani wala kuchanganya pumba. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, nikaingia bandani.

Mvua za vuli zilipokuwa zinakaribia kwisha, yule jike alikuwa ananifuata uwanjani bila kamba. Alikubali hatamu kichwani, alikubali matandiko, alinyanyua kwato moja moja nikizigusa. Miezi minane, na katika miezi yote hiyo sikumpazia sauti hata mara moja. Bosi alikuja kutazama, akasimama muda mrefu, kisha akasema haendi popote, huyu ni wa hapa. Jioni ile nilimweleza baba tukila. Aliniongezea nyama kwenye sahani kutoka kwenye sahani yake. Nilikuwa na miaka thelathini na minne na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Wiki ile ile ng'ombe wetu alizaa. Sasa, nyumbani kwetu ng'ombe akizaa hupikiwa uji wa mzazi. Baba huchemsha maji, akachanganya pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na chumvi, akamimina kwenye ndoo ukiwa vuguvugu, na juu yake anatupia majani ya kabichi. Ni heshima. Mama alipokuwa hai alikuwa akisema kwa utani kwamba yeye kajifungua mara tano na uji wa namna hiyo hajaletewa.

Alhamisi nilishuka sokoni Lushoto na bosi kununua vitu vya wageni. Tulirudi saa saba mchana. Pale barabara inapopinda kuingia kwenye misonobari nilimwona baba anateremka na ndoo tupu mkononi, nikamwomba bosi anishushe. Baba alikuwa anatabasamu. Sijui niieleze vipi sura ile kwa mtu asiyemjua. Alikuwa amekosa meno mawili upande wa kushoto na mimi, ninayeishi naye, nilikuwa nimesahau.

"Amekula mkononi mwangu," alisema, hata salamu yangu hakuisubiri. "Niliweka kiganja hivi, kama unavyoweka wewe. Nikapiga ulimi. Akaja mwenyewe, mwanangu, akaja mwenyewe kabisa."

Nilifurahi. Ninataka kuliandika hilo, kwamba kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi na baba yangu. Kisha nikaitazama ndoo.

"Amekula nini, baba?"

"Uji wa mzazi. Nilipika mwingi nikamgawia na yeye. Ameumaliza wote, mpaka kabichi."

Niliacha mfuko wangu wa nyanya palepale barabarani nikakimbia.

Nilimkuta yule jike amesimama, nikadhani labda uji hautamdhuru. Saa tisa alianza kugeuza shingo na kutazama ubavu wake, kana kwamba kuna mtu anamgusa. Saa kumi alikuwa anaparua ardhi kwa kwato, jasho linamtiririka. Alilala, akainuka, akalala tena na kutaka kujiviringisha. Tulimtembeza kwa zamu, mimi na bosi na mlinzi, tukizunguka uwanja, kwa sababu ndicho tulichoweza kufanya. Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, kijana mwenye adabu. Alituambia ukweli kwamba ng'ombe anawajua na farasi amewasoma tu. Alimchoma sindano, akampitishia mafuta kwa mpira puani. Akatuambia tungoje.

Yule jike hakunikimbia. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote. Kila nilipomwambia atembee alitembea, na akipiga hatua tatu alisimama na kunusa mfuko wangu, akingoja kipande chake. Alikuwa ametembea, alikuwa amefanya vizuri, na mimi nilikuwa siruhusiwi kumpa kitu. Nilipiga ulimi mara moja kwa mazoea. Alinyanyua masikio. Sikupiga tena.

Asubuhi, saa tatu hivi, alikuwa amelala na hainuki. Nilikuwa nimekaa chini, kichwa chake kizito mapajani mwangu, nikasikia geti. Ni baba. Habari zilikuwa zimemfikia, maana pale kwetu habari haina haja ya simu. Alikuja anahema, ameshika chupa ya mafuta ya kula, kwa sababu ng'ombe akivimbiwa ndivyo tunavyomnywesha, na mara nyingi anapona. Kofia alikuwa ameivua tangu getini.

"Tumpe haya," alisema. "Tumshike kichwa, tumpe."

Wakati ule ule mwili wa yule jike ulinyooka, ukatetemeka mara moja, basi. Nilihisi uzito wa kichwa chake ukibadilika.

Nilisimama. Bosi alikuwepo, daktari alikuwepo, mlinzi alikuwepo na wapishi wawili. Nilisema kwa Kishambaa, na kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo.

"Bora ungempiga," nilimwambia baba yangu. "Bora ungempiga kama ulivyotupiga sisi. Fimbo unaijua. Haya mengine huyajui, na hukuambiwa uyajaribu."

Baba alinitazama, kisha akamtazama yule jike, kisha akaitazama chupa. Aliinama taratibu, akaisimamisha chini kando ya ukuta mahali ambapo haitapigwa teke na mtu, akaivaa kofia yake na kutoka. Alifunga geti kwa uangalifu. Alikuwa ameshajifunza kwamba geti lile likibamizwa farasi wanashtuka.

Tulimzika yule jike upande wa juu wa uwanja, karibu na msitu. Ilichukua wanaume sita na siku nzima. Bosi hakunilaumu wala hakumlaumu baba. Jioni alinijia akakaa kando yangu, akaniuliza swali moja tu, kama nilikuwa nimemweleza mzee kuhusu tumbo la farasi. Nikasema hapana. Akatikisa kichwa, akaendelea kukaa, na hakusema zaidi. Ningependa angesema.

Nilipofika nyumbani fimbo haikuwa juu ya mlango wa jikoni. Ilikuwa imekaa pale muda mrefu kiasi kwamba ukutani ilibaki alama yake, mstari mweupe katikati ya masizi. Sijamwuliza aliipeleka wapi. Mwezi uliofuata aliuza ng'ombe pamoja na ndama wake. Aliwaambia majirani kwamba mgongo unamsumbua, hawezi tena kubeba majani, na majirani wakasema pole, uzee huo.

Nilimwomba radhi. Nilifanya kama inavyotakiwa, sikwenda mwenyewe. Nilimchukua shangazi, dada yake mkubwa, tukakaa sebuleni, shangazi akasema maneno yaliyopaswa kusemwa, nami nikapiga magoti nikasema yangu. Baba alinishika kichwa. "Yameisha, mwanangu," alisema. Shangazi alifurahi, tukanywa chai. Na kweli hajayataja tena, hata kwa mzaha, hata siku tulipopishana maneno juu ya mbegu za viazi.

Lakini anabisha hodi. Nikiwa jikoni, anasimama nje ya jiko alilolijenga kwa mikono yake, anasema "Hodi," anangoja nimwitikie. Akitaka kuniuliza jambo anaanza kwa kuniuliza kama nimechoka. Akidondosha kikombe ananitazama mimi kwanza kabla ya kukitazama kikombe. Ninajua kutazama huko. Nilikaa nako miezi minane uwanjani, nikauondoa woga ule kidogo kidogo kwa vipande vya karoti, na sasa nimeurudisha kwa baba yangu kwa maneno ya nusu dakika.

Kwa hiyo nafanya ninachokijua. Jumapili tukitoka kanisani, ninaketi uani kwenye jiwe la kufulia, mgongo nimeugeuzia mlango wake, ninamenya viazi au ninachambua mboga bila haraka. Simwiti. Zimepita Jumapili nyingi. Mara nyingi nasikia kiti chake kikisogea ndani, kisha kimya.

Jumapili iliyopita nilisikia hatua. Zilisimama nyuma yangu, karibu, nikahisi pumzi yake. Sikugeuka. Baada ya muda mkono wake ulipita pembeni ya bega langu na kusimama mbele yangu. Alikuwa ameniletea peasi, la kwanza kuiva kwenye mti alioupanda mama. Alikuwa amelikata vipande vyembamba kama ukucha, na kimoja alikuwa amekiweka juu ya kiganja kilichonyooka, vidole vimebanana, gumba limelala pembeni, kama ninavyowafundisha wageni wanaoogopa kung'atwa.

Nilikichukua polepole sana.